Jiwe Tulilotelezea Bure

Sisi tuliokulia Masasi kabla ya lami hatukujua neno kiingilio. Starehe ya mtoto wa wakati ule ilikuwa kutoka nje tu. Unamaliza kuosha vyombo, unachungulia kama mama ameinamia chungu, halafu unapotea. Mji mzima ulikuwa wetu: vilima vya mawe, stendi, mikorosho ya watu, na uwanja wa kanisa ambako katekista alitufukuza kila siku na kila siku tukarudi.

Nasema "tuli" kwa sababu sikuwahi kwenda popote bila Somoe. Alikuwa binti wa Mzee Shaibu mshona viatu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wao Waislamu, sisi Wakristo. Idi nilikula kwao mpaka nikashindwa kutembea, Krismasi akaja kwetu kulipiza. Mimi niliitwa Agnesi, lakini Somoe aliona jina refu mno, akanikatia likabaki Agi. Alinipita mwaka mmoja na akanipita kwa kila kitu kingine: kukimbia, kupiga mluzi, kudanganya watu wazima huku akiwaangalia usoni.

Nyuma ya mtaa kulikuwa na jiwe kubwa jeusi, upande mmoja lina mikwaruzo na upande wa pili laini kama sahani. Tuliliita Mtelezo. Unapanda kwa upande wa mikwaruzo, huko juu unakalia tawi la mkorosho lenye majani, mwenzako anakusukuma, na roho inatangulia chini kabla yako. Sketi zetu zote zilitoboka sehemu ile ile. Mama yangu alikuwa akisema, "Gauni la kanisani silishoni mara mbili. Utaenda na tundu lako, padri alione." Na kweli Jumapili moja nilikwenda nalo, nimejibana ukutani ibada nzima, nikawa wa mwisho kutoka.

Juu ya Mtelezo mvua iliacha vidimbwi vyenye viluwiluwi. Jioni jiwe lilikuwa bado na joto la mchana. Tulilalia matumbo, tukaangalia moshi wa majiko ya mji mzima. Msimu wa korosho tulizichoma huko huko kwenye kopo lililotobolewa. Mafuta yake yaliruka yakatubabua midomo, na kesho yake mwalimu hakuhitaji kuuliza nani kaiba korosho za jirani. Alitusimamisha mstarini akaangalia midomo.

Siku ambazo hatukwenda kwenye jiwe tulikwenda stendi kulisubiri basi la Dar es Salaam. Lilitumia siku nzima, mvua ikinyesha zikawa siku tatu. Abiria waliteremka wekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi, wanatembea kama wamesahau miguu, na sisi tuliwapigia makofi kama wachezaji walioshinda kombe. Mama mmoja alitupa kipande cha mkate wa Dar. Tulikigawana watoto wanane, na kila mmoja akaapa kwamba una ladha tofauti.

Na mara moja kwa mwaka, mjomba wangu aliyekuwa dereva alitupandisha juu ya magunia ya korosho mpaka Newala kwa bibi yangu. Huko juu baridi, na maji ya shida. Bibi alitupimia ya kuoga kwa kata moja na kusimama mlangoni ahakikishe tumeyatumia kunawa uso, siyo kuchezea. Halafu alitupeleka Shimo la Mungu. Ardhi inakatika hapo bila kukuaga. Mbele yako bonde linashuka na kushuka, Ruvuma kama uzi, ng'ambo yake Msumbiji. Bibi alikaa chini kwenye nyasi akasema, "Angalieni mpaka mshibe. Hapa hapauzwi." Somoe alilitupa jina lake bondeni kwa sauti yake yote. Tulikuwa maskini, lakini sidhani kama kuna mtoto wa tajiri aliyekuwa na vitu vingi kama sisi.

Niliondoka Masasi kwenda kusomea ualimu, nikaolewa, nikafundisha Dodoma mpaka nilipostaafu. Nyumba ya kurudia niliijenga kidogo kidogo, mdogo wangu Josefu akisimamia. Mwaka juzi nikahamia. Likizo ya mwezi wa sita binti yangu akaniletea mjukuu, Neema, mtoto wa miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza tu akaniuliza, "Bibi, hapa watoto wanaendaga wapi?"

Huko kwao, akanieleza, wanapelekwa kurukaruka kwenye nyumba ya mpira iliyojazwa upepo. Kuna kijana ameshika saa. Dakika zikiisha anapiga filimbi, mnatoka, mnalipa tena. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Kuruka kwa dakika! Nikamwambia, "Kesho vaa sketi ya zamani. Nakupeleka mahali utateleza mpaka uchoke mwenyewe."

Tulitoka asubuhi. Kabla sijaliona jiwe nilisikia nyundo, ko, ko, ko, nyingi, bila mpangilio. Tulipokata kona, nilisimama. Nilidhani nimepotea njia. Mtelezo halikuwapo. Palikuwa na nusu ya jiwe, jeupe pale lilipopasuliwa, limeungua jeusi pale lilipochomwa kwa matairi ili lipasuke. Chini yake wanawake kama ishirini walikaa kila mmoja na kivuli chake cha mifuko mitupu ya salfa ya mikorosho, wakigonga kokoto. Walizibana ndani ya pete ya mpira wa tairi ili zisiruke, na bado ziliruka.

"Usimsogeze mtoto, mama, vipande vitamwingia machoni," akasema mmoja bila kuinua kichwa.

Sauti ile ningeitambua popote.

"Somoe?"

Aliinua uso. Vumbi la jiwe lilikuwa kwenye nyusi zake, kwenye kope, kwenye mikunjo ya mdomo. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Aliniangalia kwa la kulia muda mrefu, halafu akaweka nyundo chini.

"Agi. Mlongo wangu, ndugu yangu. Sikupi mkono, mchafu."

Niliuchukua mwenyewe. Ulikuwa mgumu kama gome.

"Shikamoo bibi," Neema akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumsalimia bibi yako?"

"Amenileta niteleze."

Somoe akacheka, kile kicheko chake kile kile, mpaka kikohozi kikamkatisha. "Utateleza wapi, mama? Upande ule ndio tuliouanza. Ulikuwa hauna nyufa, unatoa kokoto nzuri."

Alinieleza huku akigonga, maana nyundo ilikuwa haisimami kwa ajili ya mazungumzo. Mume wake alilazwa hospitali ya Mkomaindo muda mrefu, mikorosho ikauzwa, mume akafa hata hivyo. Sasa analea wajukuu wawili. Nilimuuliza kwa nini hakunitafuta. Alishangaa kweli kweli.

"Nikutafute nikuambie nini? Mbona hata nyumba yako nimeijenga mimi. Josefu alileta lori hapa mara tatu. Nikawaambia wenzangu, hizi tuzichague vizuri, hili zege la Agi."

Alisema kwa fahari. Niliikumbuka sakafu yangu niliyoisifu kwa kila mgeni, isiyo na ufa hata mmoja.

Nilimwomba aje na sisi Newala wiki ile, siku moja tu, nauli juu yangu. Akatikisa kichwa. "Nikiondoka siku moja, hapa nilipokaa atakaa mwingine. Nenda umwoneshe mtoto."

Tulikwenda wawili. Barabara sasa ni nzuri, unafika hujachoka. Shimo la Mungu lipo vile vile. Bonde halijapungua hata shubiri, na hakuna aliyetudai kitu. Neema alipiga picha nane, akazitazama kwenye simu badala ya kutazama mbele, akasema, "Pazuri, bibi. Tunaondoka saa ngapi?" Sikumlaumu. Nilichotaka kumwonesha ni watoto wawili juu ya magunia ya korosho, na hao hawapigiki picha. Niliinama pale nikafanya uamuzi ambao nilidhani ni wa upendo: hiyo nusu ya Mtelezo iliyobaki haitaondoka nikiwa hai.

Jumatatu niliiandikia ofisi ya mtaa barua kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Niliomba jiwe lililobaki lihifadhiwe, liwe mahali pa watoto kucheza na wageni kupumzika bila malipo, na uvunjaji wa kokoto uzuiwe. Kwa Somoe sikusema neno. Nilitaka kwanza nifanikiwe, halafu nimtafutie shughuli nyingine, kuku au genge dogo. Nilipanga vyote kichwani kama nilivyokuwa nikipanga ratiba ya vipindi.

Kijana wa ofisi ya mtaa alinipokea kwa heshima. "Shikamoo mwalimu." Akaisoma barua, akaipiga picha kwa simu, akatabasamu. "Umetusaidia sana. Tulikuwa tunangoja mwananchi alalamike." Nilirudi nyumbani najiona mtu. Hata chai nilikunywa vikombe viwili.

Neema alirudi Dodoma. Baada ya wiki mbili uliitishwa mkutano ambao sikuusikia, na barua yangu ikasomwa pale mbele ya watu, pamoja na jina. Ikaamriwa wavunja kokoto wote wasio na kibali waondoke siku ile ile. Waliokuwa wakigonga pale kwenye jiwe ni wale wanawake, na hakuna kati yao aliyewahi kukiona hicho kibali. Lakini alikuwako mtu mmoja anacho. Kesho yake lilikuja gari lake la kijiko na mashine ya kusaga mawe. Marundo ambayo wanawake walikuwa wameshagonga yalizolewa pamoja na mengine, maana yalikuwa ndani ya eneo lake. Rundo la Somoe lilikuwa la miezi miwili.

Haya nilisimuliwa na Josefu, amesimama mlangoni, hataki kukaa. "Dada, si ungeuliza kwanza?"

Nilichukua kilo mbili za sukari na kanga mpya, nikaenda. Somoe alikuwa uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, achemshe auze barabarani. Alinikaribisha. Alinipa kigoda, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Sukari akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini kati yetu.

"Sikujua," nikamwambia. "Wallahi, Somoe, nilitaka kulinusuru jiwe letu."

"Najua."

"Nilikuwa nimepanga na wewe nikutafutie kazi nyepesi."

"Hukuniambia."

"Nilitaka iwe furaha ya ghafla."

Akaendelea kumenya. Kisu chake kilikuwa kifupi kwa kunolewa sana. Nililia, sioni aibu kusema. Nilimwambia nitakwenda tena ofisini, nitaandika barua nyingine, nitawaambia nilikosea.

"Usiandike tena," akasema, kwa upole tu. "Agi, wewe ulikuja kutembea. Mimi pale nilikuwa kazini. Jiwe nililipenda kabla yako, unafikiri kuligonga hakuniumi? Siku ya kwanza niligonga upande ule wa kuteleza nikaenda nyumbani sikula. Siku ya pili nikala."

Tulikaa mpaka ming'oko ikaisha. Aliponisindikiza hadi njia panda hakunishika mkono, na safari hii sababu haikuwa uchafu.

Wenzake wamepata jiwe jingine upande wa kwenda Chiwata. Wanatoka kabla ya jua na kurudi magharibi. Somoe alikwenda nao wiki ya kwanza, kikohozi kikamrudisha. Nikipita barabarani kwenye sinia lake la ming'oko ananisalimia, "Habari za asubuhi, mwalimu." Naitikia nzuri. Nanunua, ananifungia, ananishukuru kama anavyomshukuru mteja yeyote.

Enzi zetu tulikuwa na sketi zenye tundu, na tulikosea kila siku: tuliiba korosho, tulidanganya, tulivunja vyungu. Ikifika jioni tulikuwa tumeshasameheana, tumelala kwenye jiwe la moto, ubavu kwa ubavu. Sasa nina pensheni, nina veranda ya kuangalia vilima, na kosa moja tu nililolifanya kwa nia njema, nalo halina jioni yake. Mashine inasaga tangu asubuhi. Vijana wanasema mji unakua, na ni kweli unakua, hata mimi nimeukuza kwa malori matatu.

Juzi binti yangu alipiga simu. Likizo inakaribia, Neema anauliza kama atakuja tena, na safari hii bibi atampeleka wapi. Nilimwambia amtafutie mahali huko huko Dodoma, hata kwenye ile nyumba ya upepo. Huku kwetu hakuna pa kutembea.