Kisima cha Shemeji Zangu

Wakati wa Mjerumani, vijana wa kwetu waliosoma shule ya serikali kule pwani wakarudi na cheti walikuwa wachache sana. Mimi nilirudi nacho. Hakuna aliyenisaidia. Nilishuka pwani na msafara nikiwa mpagazi, nikarudi Dodoma kwa gari moshi nimevaa viatu. Asiyependa kusikia hayo aishie hapa.

Mwalimu wetu Mjerumani alitusimulia hadithi ya kale ya kwao, ya vijana wawili waliopendana huku koo zao zikichukiana, mpaka wakafa wote wawili. Wenzangu walisikitika. Mimi niliona jambo ambalo mwalimu hakulisema: mwanamume alimwaga sifa usiku kucha, na mwanamke alizidi kumuuliza atamwoa lini na nani atapeleka habari. Nilimwona mwanamke mkavu.

Nyumbani nilimpenda binti wa boma tuliloteta nalo. Ugomvi wenyewe ulikuwa maji. Kwetu kiangazi mto hubaki mchanga mtupu. Anayechimba kisima humo hukifunga kwa miiba, na kukifungua bila ruhusa yake ni kutafuta vita. Kisima chetu kilikuwa kimekauka. Kaka zake walikuwa wamefunga chao, wakatutazama.

Nilimngoja binti huyo kwenye njia ya kuni, nikamwambia maneno ambayo mchunga ng'ombe asingeyaweza: macho yake, mwendo wake, usingizi niliokosa kwa ajili yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe wa mama yako wamekunywa?"

"Bado."

Akajitwika kuni zake, akaenda. Nilikasirika sana.

Asubuhi tulikuta miiba ya kisima cha kaka zake imesogezwa, mama akanywesha ng'ombe. Hatujamaliza, kaka za binti wakaja na fimbo. Mkubwa wao alianza kunitazama viatuni.

"Msomi, wewe ndiye uliyefungua?"

"Ni mimi," dada yao akasema nyuma yake.

"Unawapa maji hawa?"

"Yule ni mama mkwe wangu. Ulitaka akanyweshe wapi?"

Walicheka, kicheko kibaya. Desturi yetu ni kwamba anayeposa hushuka kisimani kuwanyweshea wakwe mifugo yao.

"Basi shuka, shemeji. Na cheti chako ushuke nacho, kikuchotee."

Nilivua viatu, nikashuka. Walileta ng'ombe wao wote, kisha wakaita na wa jirani. Walinipigia mchanga kichwani kwa miguu. "Msomi kazama?" "Hajazama, anatafuta maneno." Hakuna aliyekubali kupokea kibuyu juu ila dada yao. Alipokea, akamimina kwenye birika la ng'ombe, akakirudisha, tena na tena, mpaka kanga yake ikalowa yote. Nikiwa kule chini nilimsifu kwa sauti, kusudi wasikie.

"Jaza vizuri," akanijibu.

Jioni hapakuwa na ng'ombe aliyebaki na kiu. Kaka zake walipokea mahari kama watu wanaomeza shubiri.

Wale wa hadithi walikufa. Sisi tumezeeka pamoja, na sehemu ya sifa hiyo ni yangu, kwa kuwa nilishuka. Shemeji zangu hawanisalimu mpaka leo. Mimi pia siwasalimu. Aliyenimwagia mchanga kichwani hana shikamoo yangu, hata awe na mvi kiasi gani.

Mke wangu hajawahi kuniambia kwamba ananipenda. Mimi humwambia, kwa maneno mazuri kuliko ya yule kijana wa Kizungu. Husikiliza mpaka mwisho, kisha huniuliza kama nimekula.