Milango Ilitangulia Nyumba

Mwaka ule mto Lukuga ulipofurika, nyumba zetu za matofali mabichi ziliyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Kwenye kartie, mtaa wetu, hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Asubuhi tulibaki na sufuria, kitanda kimoja, na bwana yangu amekumbatia redio iliyojaa matope.

Misheni ikatulaza darasani. Kisha komite ya kanisa ikatangaza kwamba itatujengea nyumba za bei nafuu, kila familia kwenye kiwanja chake: sisi tutatoa nguvu zetu, misheni italeta vifaa.

Vifaa vikafika kwa treni. Tulikwenda kuvipokea tukiimba. Behewa likafunguliwa: milango. Milango mitupu, ya mbao nzito, yenye vitasa na funguo, imepangwa katikati ya majani makavu kama mayai. Saruji ilikuwa bado Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mabati, hakuna aliyejua yako wapi.

Msimamizi wa komite, mzee tuliyemwita papa, aliyezeekea kazi ya reli, hakutikisika.

"Kiwanja bila mulango njo kiwanja bila mwenyewe," alisema. "Kila familia isimamishe wake. Asiyesimamisha, kiwanja chake tutapatia muntu mwingine."

Basi tukaisimamisha, mstari mzima, fremu zimechimbiwa ardhini, nyuma yake hewa tu. Pasta akapita akiibariki mmoja baada ya mwingine. Watoto wa shule walihitaji darasa lao, kwa hiyo tukahamia viwanjani, kila familia chini ya turubai nyuma ya mlango wake.

Tukaanza kuishi kwa adabu ya ajabu. Jirani yangu alipotaka chumvi, nilimwona tangu anainuka kwake, naye aliniona ninachambua sombe, majani ya muhogo. Hata hivyo alikuja kusimama mbele ya mlango.

"Hodi!"

"Nani?"

"Njo miye, ni mimi."

Nikanawa mikono, nikaenda kumfungulia. Siku mama mkwe wangu alipopita pembeni ya mlango, kartie nzima ilimpigia kelele kama mwizi.

Kisha bwana yangu akamwazima rafiki yake turubai letu kwa ajili ya karamu ya ndoa, bila kuniambia. Mvua ikatunyeshea mimi na watoto mpaka mifupani. Kesho yake alipokwenda ufukweni, nikafunga mlango, nikafundika ufunguo kwenye pindo la kitenge.

Mchana akarudi na fungu la samaki, mikebuka.

"Fungua, mama."

"Sifungui."

Angeweza kuzunguka kwa hatua mbili. Hakuzunguka. Alisimama juani, maji ya samaki yakimdondokea miguuni, majirani wakijaa. Mtu akakimbia kumwita msimamizi. Naye akaja, akavua kofia, akagonga.

"Mama, uko ndani?"

Nilikuwa ninamtazama usoni. "Niko, papa."

"Bwana yako anaomba kuingia."

"Alale kwenye turubai yake."

"Turubai iko wapi?"

"Aulize rafiki yake."

Bwana yangu akakisogelea kitasa, akasema polepole, "Nimekosa."

Kwa miaka yote tuliyokaa ndani ya kuta za kweli sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. Kicheko kilikuwa kimenijaa tumboni, nikashangaa kuona machozi yanatangulia. Nikafungua. Akapangusa miguu vizuri, akaingia.

Turubai likarudi jioni ileile, limetoboka. Saruji nayo ikafika baadaye sana, kisha mabati. Fundi akajenga kuta kufuata mlango, na kwa kuwa madirisha hayakuwa yamefika, hakuacha tundu hata moja. Tulihamia ndani ya giza kama la ndani ya chungu, tukila mchana kwa taa ya mafuta, tukimshukuru Mungu kwa sauti.

Madirisha yalipofika, msimamizi akatuamuru tutoboe kuta. Bwana yangu akapiga nyundo ya kwanza, akakosea kipimo. Mpaka leo dirisha letu moja liko juu, jingine karibu na magoti, na wajukuu wanapenda kulala chini yake kwa sababu ya upepo wa ziwa.