Mkono wa Gauni

Leo asubuhi simu ya Nyamusi haikulia. Kwa miaka miwili watu mia nane wa kundi la WhatsApp la kumshabikia Mheshimiwa, mbunge wao, wameamshwa na sauti ya Mogaka, fundi cherehani wa Kebirigo: "Amkeni, majeshi! Chuma chetu hakishiki kutu!" Nyamusi, anayeuza mboga jirani naye, humsikia kwenye simu na kupitia ukutani, na moyo humwenda mbio kama wa msichana. Fundi hurekodi akiwa na pini midomoni, mguu ukikanyaga cherehani, na kila anayemsema vibaya Mheshimiwa humjibu kabla uzi haujakatika.

Jana ikaja video: Mheshimiwa anamzaba kofi mchuma chai aliyemuuliza habari za barabara, mkutanoni Nyaramba. Kundi likawaka moto. "Uongo! Huyo mama ni mwigizaji!" "Fundi, wamalize!" Nyamusi naye akaandika, "Wamalize, fundi!" Mara akasikia cherehani ikisimama. Alipochungulia, fundi alikuwa akiirudia video, ameikuza kwenye mkono wa gauni la yule mama aliyepigwa. Akatoa pini midomoni, moja moja, akarekodi:

"Huo mkono nilitia kiraka mimi, kitambaa kilinipungukia. Huyo ni mama wa kwaya yetu ya Sabato. Amepigwa kweli."

"Msaliti!" "Mogaka, wamekununua kwa bei gani?" Dakika haikuisha, wakamtoa kundini.

Duka limefungwa. Fundi yuko kituo cha polisi, kwenye benchi moja na yule mama, anasubiri kuandikisha ushahidi.