Neno "Nimeona" kwenye Bahasha za Corliss

Usiku wa tatu nilikataa kwenda kulala. Nilivaa koti la marehemu mume wangu, nikabeba kiti cha jikoni, nikakaa kwenye kibaraza cha nyuma kungoja habari pamoja na binti yangu Corliss. Habari yenyewe ilikuwa moja tu: je, dume atakuja?

Kwenye mcheri mwitu nyuma ya nyumba tulikuwa tumening'iniza kizimba cha wavu, na ndani yake jike mmoja wa sekropia, nondo mkubwa mwenye rangi ya tofali, mpana kuliko kiganja changu. Jike huyo haendi popote. Inapokaribia alfajiri hutoa harufu ambayo pua zetu hazina habari nayo, na madume huifuata kutoka mbali, juu ya vilima vyetu hivi vya Pennsylvania, mpaka mlangoni kwake. Dume akifika, wawili hao hushikana mkia kwa mkia kupitia matundu ya wavu, na hawaachani mpaka jioni. Hata mvivu atakayeamka saa sita mchana atawakuta.

"Mama, nenda ukalale," Corliss aliniambia. "Unamtisha."

"Namtisha nani?"

"Dume."

"Dume anayeogopa mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyejifunika blanketi hatufai. Tutazaa viwavi waoga."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Mimi niliacha shule darasa la nane, vitabu sivijui, ila vicheko vya mwanangu navijua vyote. Hicho sikukipenda.

Corliss alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi, na kila mwezi wa sita ulipofika aliomba likizo yake yote kwa ajili ya nondo. Kazi hii aliirithi kwa baba yake, Merle, aliyefanya kazi kwenye tanuri za kioo na kufariki miaka minne iliyopita. Mtoto huyu alianza kutembea na viwavi mfukoni kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli. Akiwa na miaka saba, kwenye chakula cha jioni kanisani, watu walipokuwa wanaulizana kwa upole ni nani aliyeleta pai iliyoungua chini, alisimama juu ya benchi akasema, "Ni ya mama yangu, na nyumbani kuna nyingine." Kanisa zima lilinigeukia. Merle alicheka mpaka akatoka nje.

Nalieleza hili ili ijulikane ni mtoto wa namna gani niliyekuwa nadhani ninaye.

Mayai ya nondo huuzwa kwa posta. Merle alikuwa akikata mrija wa kunywea soda, anaweka mayai ndani, anaziba pamba huku na huku, kisha anautia katika bahasha. Juu ya bahasha aliandika kwa penseli jina la nondo, tarehe, idadi, na neno moja chini yake: Nimeona. Maana yake, nimewaona kwa macho yangu jike na dume wameshikana. Neno hilo lina sababu. Jike asiyepata dume naye hutaga akichoka kungoja, na mayai yake matupu hayana tofauti na mayai mazima, mpaka siku kadhaa zipite yaanze kubonyea. Muuzaji hawezi kukaa akingoja hivyo, kwa sababu mayai mazima huanguliwa baada ya siku kumi au kumi na mbili, na kiwavi akitoka ndani ya bahasha bila jani, amekufa. Kwa hiyo mnunuzi hana kingine cha kushika isipokuwa neno la muuzaji.

Kulipopambazuka, jike alikuwa peke yake. Corliss alikizunguka kizimba mara mbili, akatazama mpaka chini ya majani, akarudi. "Hamna," akasema. Madume wa nyumbani hatukuwa tunawatumia, kwani ndugu kuoana Merle alikataza. Nikaenda kujinyoosha kidogo.

Niliamka saa nne asubuhi, nikaingia jikoni kutafuta kahawa. Corliss alikuwa mezani, amenipa mgongo. Jike alikuwa amekata tamaa alfajiri ile na kutaga kwenye wavu, na mwanangu alikuwa anayabandua mayai kwa ukucha, taratibu, anayaingiza kwenye mrija. Bahasha tatu zilikuwa tayari, zote za mteja wetu wa miaka mingi, Bi Ottilie Fenner. Nilipita nyuma yake na kikombe changu, nikasoma alichokuwa anaandika: Nimeona.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

Aliruka kidogo. "Mama, usianze."

"Nauliza tu. Tumekesha pamoja. Wewe una macho mawili, mimi nina mawili, jumla manne. Yameona nini?"

"Pengine alikuja ule usiku wa kwanza."

"Usiku wa kwanza wewe uliingia hapa hapa ukasema hamna."

"Pengine walishikana kidogo tu, nikapitiwa na usingizi."

"Corliss."

Penseli ilisimama. Sijui ni nini kilichonifanya niulize lililofuata. Mama huuliza mambo ambayo hataki kuyajua.

"Na mwaka jana?"

Alijifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi la mabawa. "Mwaka jana pia hawakuja, Mama. Hata mmoja. Nilikesha siku kumi na moja."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu na kahawa ikanimwagikia gotini, wala sikusikia moto wake. Maana mwaka jana Bi Ottilie alituandikia kwamba mayai yote mia tatu yalibonyea, hakuna hata moja lililoanguliwa, akauliza kwa adabu kama labda yalipigwa na jua njiani. Na mimi, kwa uchungu wa mwanangu, nilimvizia mpeleka barua wetu Wendell pale kwenye sanduku la posta, nikamtukana mbele ya gari lake. Nikamwita mzembe, muuaji wa kazi ya marehemu. Alivua kofia akanisikiliza mpaka nikamaliza. Corliss alikuwa dirishani, anasikia kila neno.

"Uliniacha nimtukane Wendell," nikasema.

"Nilitaka kutoka nikuambie."

"Ulitaka!"

"Ningeandika nini, Mama? Kwamba nyumbani kwa Merle Haupt hakuna nondo tena? Baba hakuwahi kukosa, mwaka hata mmoja. Nilidhani mwaka huu watarudi, nitampelekea mengine, mambo yatakwisha. Ni mayai tu."

Niliweka kidole juu ya lile neno la penseli, nikakiacha hapo.

Honi ikalia barabarani.

Lazima nieleze kwamba tangu siku ile nilipomtukana, Wendell hakuzitupa tena bahasha zetu, hata zisizo na mayai, pamoja na barua nyingine. Alizibeba ndani ya boksi lake la chakula, zimefunikwa kitambaa chenye maji baridi, kati ya sandwichi na tofaa lake. Aliziita abiria.

"Mama Cori!" akaita. "Abiria wangu wameamka? Leo nimewatandikia kitambaa kipya, daraja la kwanza!"

Nilitaka kutoka, lakini Corliss alinitangulia. Nilimfuata hadi kwenye ngazi.

"Anko Wendell, leo hawapo."

"Wamechelewa kuvaa?"

"Hawajawahi kuwa hai. Hata wale wa mwaka jana. Halikuwa jua, hukuwa wewe. Yalikuwa mayai matupu, na mimi nilijua."

Wendell hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kisha akatazama boksi lake lililokuwa wazi.

"Mwaka mzima nimekula sandwichi yenye maji," akasema.

Alikitoa kile kitambaa, akakikamua juu ya nyasi, akafunga boksi.

"Wendell, nisamehe," nikasema.

"Sasa hivi siwezi, Verna. Nina barua za watu."

Miaka ishirini aliniita Mama Cori, si Verna. Gari lake lilipopotea kwenye kona nilikuwa bado nimeshika nguzo ya kibaraza, mdomo wazi kama mtu aliyezabwa kofi kanisani. Mwanangu ndiye aliyesema uongo, ila aliyeutia miguu ukatembea mpaka kwa mtu asiye na hatia ni mimi.

"Vaa viatu," nikamwambia Corliss. "Tunakwenda kwa Bi Ottilie."

"Nitamwandikia."

"Kwa penseli ipi?"

Akavaa viatu.

Bi Ottilie Fenner alikuwa mwalimu mstaafu, ng'ambo ya mto Susquehanna, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kila mwaka alinunua mayai kwetu, akalea viwavi mpaka wanenepe, kisha akawagawa bure kwenye shule sita. Hatukuwahi kuonana naye. Tulimjua kwa barua zake tu, na kwa mwandiko wake ambao kila mwaka ulizidi kuwa mkubwa, mpaka karatasi moja ikawa inabeba maneno kumi. Merle alikuwa akisema mama huyu anaandika kwa furaha. Wafugaji wengine karibu wote alituletea yeye. Ottilie akikukataa, hakuna atakayenunua hata yai moja kwako, na Corliss alilijua hilo tangu tulipowasha gari. Mimi nilikuwa naikodolea macho ile mikono yake kwenye usukani, najiuliza ni ya nani.

Nyumba ilikuwa ndogo, na mlango wa kijani. Tuligonga. Ulikawia kufunguka, na nikasikia kitu kinaparuza ukutani kwa ndani, taratibu, kikija. Kilikuwa kiganja chake. Bi Ottilie alisimama mbele yetu, mfupi, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, akatabasamu akiutazama mlimao wa kwenye kopo uliokuwa pembeni ya bega langu.

Haoni. Mungu wangu, mama huyu haoni.

"Ni nani?"

"Corliss Haupt, Bi Ottilie. Nipo na mama."

"Binti wa Merle! Umeniletea mwenyewe!" Akanyoosha mkono, kiganja juu, akingoja kuwekewa bahasha. "Ingekuja kwa posta tu, mwanangu, usingejisumbua. Au labda heri umekuja, nikuombe radhi uso kwa uso. Macho yameniondoka miaka mitatu sasa. Jirani hunisomea bahasha, na akisoma 'nimeona' mimi hutulia. Lakini mwaka jana niliyaua mayai yako. Yote. Sijui niliyalowesha, sijui niliyakalia. Nikayagusa kwa kidole, yamebonyea. Nikakuandikia habari za jua kwa sababu niliona haya."

Nilimtazama Corliss. Alikuwa anazitazama kucha zake.

"Hii ndiyo mara yangu ya mwisho," Bi Ottilie aliendelea, mkono bado umenyooshwa. "Yakinifia tena, basi mikono hii haifai. Jumamosi wanakuja watu kuchukua vizimba vyangu vyote. Nimeshawaambia."

"Hukuyaua," Corliss akasema.

"Wewe una moyo mzuri kama baba yako."

"Sina. Bi Ottilie, yalikuwa matupu. Dume hakuja. Niliandika nimeona, na sikuona. Na leo nilikuwa nimeshaandika tena. Mama ndiye aliyenikamata."

Mkono ule haukushuka. Nilitamani ushuke. Ulibaki hewani, mtupu.

"Mwaka mzima," Bi Ottilie akasema, pole pole, "nimenawa mikono hii kama mtu aliyeshika sumu. Niliwaambia watoto wa darasa la tatu kwamba ni mimi niliyewaua viwavi wao. Kuna mmoja alinishika kidole, akaniambia nisilie."

"Nisamehe."

"Baba yako angeandika kwamba hawakuja."

"Ndiyo."

"Ningepanda basi, nikaja kukaa naye pale nje, tukangoja wote."

Aliupapasa mlango mpaka akapata kitasa. Hakuubamiza. Aliufunga kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, kisha tukasikia ufunguo ukizunguka.

Nilimshika Corliss kiwiko. "Twende, mwanangu."

Alijitoa. Akagonga tena. Kisha akauegemea ule mlango na kusema kwa sauti kubwa hata jirani aliyekuwa anamwagilia maua alisimama kusikiliza:

"Bi Ottilie, usivitoe vizimba! Mikono yako ni mizima. Ukitaka usinunue kwangu tena mpaka nife, ukitaka waandikie wafugaji wote uwaambie, lakini Jumamosi wale watu wakija warudishe. Haikuwa mikono yako. Ilikuwa yangu."

Sikusikia kiganja kikiparuza ukutani kurudi ndani, kwa hiyo alikuwa bado amesimama hapo hapo, upande wa pili, pengine paji la uso lake likitazamana na la mwanangu, ubao tu katikati.

Corliss aligonga mara ya tatu, taratibu, kwa fundo la kidole kimoja. Tulingoja mpaka jirani akafunga bomba lake akaingia kwake.

Mlango haukufunguka.