Protini Zilizoachia Kamba

Mwenyekiti wa bodi ya shule yetu, pale Runzewe, alitaka chumba cha maabara kiwe ghala la mahindi ya wanafunzi. Nikamwomba, kwa unyenyekevu ambao kwa kweli sina, anipe siku ya wazazi niwaonyeshe biolojia ina faida gani, ndipo aamue. Akakubali. Nilikuwa na hadubini moja iliyopasuka kioo, na hasira ya kutosha wilaya nzima.

Nikaufanya uwanja wa mpira kuwa seli inayogawanyika. Kila goli likawa sentrosomu. Katikati nikatandaza khanga pea pea, hizo ndizo kromosomu za kugawanywa sawa kwa pande mbili, na kutoka kila goli zikanyooshwa kamba za katani za kuzivutia. Nikawaeleza wazazi kwamba kamba hizo hazijishikizi zenyewe. Lazima ziwepo protini zinazong'ang'ania ncha zake pale kwenye sentrosomu, la sivyo unavuta upepo. Protini zangu walikuwa wanafunzi walioketi golini, wamekumbatia ncha za kamba. Kazi ya kushika tu, kwa hiyo niliwapa wavivu.

Mimi ni Msukuma wa Tinde, nilipaswa kujua. Ukiwapanga Wasukuma pande mbili mbele ya watazamaji, tayari umeanzisha mashindano ya ngoma, na mshindi ni yule anayewavuta watu kwake. Kina mama wakapiga vigelegele, wazazi wakaanza kuhamia goli la kaskazini, na protini za kusini zilipoona zinakosa uhondo zikaachia kamba, zikakimbilia huko kucheza. Khanga zote zikaenda kaskazini. Nilifoka mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyenisikia.

Mwenyekiti alicheka hadi akafuta machozi. Nikajua chumba nimekipata.

Hapo akasimama mama mmoja mtu mzima. Alikuwa mke mkubwa wa mwenyekiti, na Runzewe nzima ilijua kwamba ng'ombe wa mzee wote walikuwa Ushirombo, kwa mke mdogo.

"Mwalimu, niambie kweli gete," akasema. "Upande huo uliobaki mikono mitupu, huwa unaishi?"

Mwenyekiti aliacha kucheka. Akanikazia macho, nami nikaelewa vizuri sana alichokuwa akinitaka nijibu. Ningeweza kusema sayansi bado inachunguza. Nilikipenda chumba kile, Mungu anajua.

"Hauishi, mama," nikasema.

Jumatatu mahindi yakaingia maabara. Nikawa nafundishia koridoni, nimenuna, napiga chafya za vumbi la magunia, nikimlaani kila mwenye bodi duniani.

Mvua zilipokaribia nilikutana na yule mama njiani, anaswaga majike na ndama wao kutoka Ushirombo kuelekea kwake. Nikajiandaa kumwamkia. Akaniwahi, akakunja magoti katikati ya barabara, yeye aliye sawa na mama yangu.

"Shikamoo, mwalimu."