Kibuyu cha Wageni

Pikipiki ya patron wangu ilikuwa na sauti mpaka viboko vya Ruzizi vilitoka mu maji kuangalia ni ndugu yao gani analia. Patron alikuwa anauza samaki Uvira, na minye, mufanyakazi wake, ndiye nilikuwa naiendesha. Mama yangu, mwanamuke wa ng'ombe kule Rurambo, hakuiita "pikipiki" hata siku moja. Alisema "ng'ombe yako". Nikifika, aliuliza kama imekula vizuri njiani na kama inapiga bantu teke.

Kule ku milima esanse, mafuta ya pikipiki, haikuwako, kwa hiyo nilikuwa naacha bidoni moja ya bati, imejaa, mu nyumba yake, ya kurudia.

Asubuhi moja habari ikanifikia kama mama anashindwa kupumua. Nilipanda mbio mpaka kivuli changu kilibaki kule chini Kavimvira, kikanifikia kesho yake. Nikamukuta amelala ku ngozi, mudogo sana. Mama aliyekuwaka anakamua ng'ombe huku anatukana bantu wa mulima wa pili, na wanamusikia, sasa hata mbu angemubeba. Tukapatana nimufunge mugongoni na kitenge kama mutoto, nishuke naye ku hopitali ya Uvira. Minye nikamuvalisha ndani, mukubwa wangu, mutoto wa kwanza wa mama, akatia esanse inje.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena, mpaka kuku za kijiji zikahama. Nikatoa buji, plagi ya kuwasha injini, nikaipangusa na shati, nikaigusisha ku chuma: cheche ikatoka, nzuri. Basi moto uko. Tukaisukuma ku muteremko, mukubwa wangu nyuma anahema kama muvukuto wa muhunzi. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza kama mukwe mbele ya mama-mukwe.

Mama alikuwa ameegemezwa ku mulango, anatuangalia.

Nikafungua karbirateri, kale kakopo esanse inapitia mbele ya kuingia mu injini. Katundu kake kalikuwa kamezibwa na kitu cha manjano. Nikakisugua mu vidole, nikanusa. Siagi. Siagi na moshi.

Nikamuuliza mukubwa wangu, pole pole, esanse alitoa wapi. Akanionyesha kibuyu cha maziwa, kile cha wageni. Bidoni ilikuwa imeanza kutoboka na kutu, na mama aliona haya chakula cha ng'ombe ya mutoto wake kilale mu bati. Akaosha kibuyu, akakifukiza na majani, akakipakaa siagi ndani, vile wanawake wa kwetu wanafanya maziwa yasiharibike. Ndiyo akamimina esanse.

Esanse ingine haikuwako. Nikasafisha kale katundu, ikawaka, ikafika ku kiraro, kale kazizi ka ndama, ikaziba. Nikasafisha tena. Ikafa palepale.

Mama akaniita. Sauti yake ilikuwa kama ya muntu anaongea ndani ya mutungi.

"Ng'ombe yako imekataa?"

"Hapana, mama."

"Lakini ilikunywa? Minye mwenyewe nilitengeneza kibuyu."

"Ilikunywa, mama. Imeshiba mpaka haitaki kuamuka. Weye umeizoesha vibaya."

Akacheka. Kile kicheko kikamumaliza pumzi, tukangoja mpaka ikarudi.

Jirani wakaleta kipoyo, machela ya miti, tukamulaza, tukamuweka ku mabega, tukashuka na njia ya miguu. Nilisema mizaha njia yote, hata ile isiyochekesha. Nikamuambia ng'ombe iko nyuma yetu, inatufuata pole pole sababu ya tumbo. Mwanzo alikuwa anaguna. Tulipofika fasi, pale ziwa linaonekana mara ya kwanza, mukubwa wangu akasema tutue. Tukatua. Ilibakia minye peke yangu naongea.

Baada ya maziko niliisukuma pikipiki mpaka Uvira. Jua lilikuwa kali, injini ilipata joto bila kuwaka, na njia yote ilinuka nyumba yetu.

Patron akaniuliza nini ilikuwa imeziba karbirateri. Nikamujibu ni vumbi.