Tulitaka kuthibitisha kuwa utu unatosha bila kanisa, tukaikuta jumuiya shambani Mofu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, na sehemu ya aibu sitaificha.

Mimi ni fundi simu hapa Ifakara, Viwanja Sitini. Nimelelewa Mkatoliki, ukubwani nikaacha. Mwaka jana mimi na wenzangu kumi tukaanzisha kikundi: hakuna sala, imani yetu ni utu tu. Kila Jumapili tunakutana, topic ni ileile: je, utu unaweza kuchukua nafasi ya Ukristo?

Kwa maneno tulikuwa moto.

Sasa shangazi yangu Anastazia, mjane anayeishi kijijini Mofu, akavunjika mguu wakati mpunga wake umeiva na ndege wameshaanza kuula. Nikawaambia wenzangu, wakati wa vitendo ndio huu. Wote wakasema tupo pamoja.

Jumamosi asubuhi tukajikuta wanne. (Wale wengine hata sijui niwatetee vipi.)

Kufika shambani, tukakuta watu wa jumuiya yake ya kanisani kama ishirini, wengine bibi kabisa, mundu mkononi, wanaimba. Mwenyekiti wao ni Mzee Kasiani, aliyenifundisha katekisimu nikiwa mdogo. Nikampa shikamoo huku natamani ardhi ipasuke.

Tukainama, tukavuna nao. Hadi saa sita nilikuwa naitikia nyimbo zote. Kumbe maneno bado ninayo.

Wakati wa kula, wali kwa perege, nikakiri mbele ya watu kwamba wametushinda.

Mzee Kasiani akatikisa kichwa. "Mwanangu, shangazi yako ana wiki mbili yuko ndani na hatukuja kumvunia. Juzi tuliposikia wasiosali wanakuja, ndipo tukaona haya."

Shamba zima likaangua kicheko.

Shangazi, aliyekuwa ameletwa shambani, mguu kaunyoosha kwenye mkeka, alicheka mpaka machozi. Akasema, "Basi endeleeni kuoneana haya hivyohivyo. Mahindi nayo yanakaribia."

Jioni mpunga wote ulikuwa nyumbani.

Kanisani sijarudi, wakuu, nisiwadanganye. Ila Mzee Kasiani akija mjini lazima apite kwenye meza yangu, tunabishana hadi wateja wanaingilia.

Nilichojifunza: imani isiyoweza kumwamsha mtu Jumamosi asubuhi akamvunie mwenzake haitachukua nafasi ya kitu chochote, iwe na Mungu au isiwe naye.

Mnaosali na msiosali, uwanja ni wenu. Ila kabla hujaanza kubisha, tuambie kwanza: mara ya mwisho ulimvunia nani?